Mwalimu tarajali wangu hashiki ninachomwambia: nimwache azame, au nichukue darasa langu?

"Ninafundisha hisabati, nina miaka 14 kazini. Nimepewa mwalimu tarajali kwa wiki 8 za mazoezi ya kufundisha, na sasa tunamaliza wiki ya 3. Wiki mbili za mwanzo alikaa nyuma ya darasa akinitazama. Nikaona inatosha, nikamwachia kipindi. Siku ya pili tu kelele zikapanda, kisha akakosea mfano wa kujumlisha sehemu pale ubaoni. Nilisimama, nikawanyamazisha wanafunzi, nikausahihisha mfano. Tangu siku hiyo amekuwa mtu mwingine. Nikimuuliza kipindi kimekwendaje, jibu ni 'vizuri'. Nikimshauri, 'sawa mwalimu'. Kesho yake yale yale: anasoma kwenye karatasi, anauliza swali na kulijibu mwenyewe, hatazami madaftari. Wenzangu ofisini wanasema nimwache, mtu hufundishwa kuogelea na maji yenyewe. Mimi naona wanafunzi wangu wanapoteza vipindi, na mwisho wa yote natakiwa nijaze fomu ya kumpa alama. Nimwache? Nichukue darasa langu? Au niandike ukweli, afeli?"

Mwalimu, swali lako lina hofu tatu zilizokazwa fundo moja. Unawaogopea wanafunzi wako wasije wakabaki nyuma. Unamwogopea kijana huyu, ingawa umeandika kama mtu aliyekwisha kumkasirikia. Na unaiogopa kalamu yako mwenyewe siku ya kujaza fomu. Nitazifungua moja moja, ila kwanza shika hili: hakuna kilichoharibika kufikia wiki ya 3 ambacho hakiwezi kutengenezwa kuanzia wiki ya 4. Dalili zote ulizozitaja, karatasi, swali linalojibiwa na muulizaji, "sawa mwalimu", nimezikuta kwa walimu tarajali wengi niliowatembelea nikiwa mkufunzi, wakiwamo ambao leo ni walimu hodari. Hazinionyeshi uvivu wala kiburi. Zinanionyesha mtu ambaye akili yake imejaa pomoni na hajapata wa kumtua mzigo.

Umesema alikutazama wiki mbili ukaona inatosha. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upande, na si kosa lako peke yako, maana wengi wetu tulilelewa hivyo. Tunadhani ualimu huambukiza kwa kutazamwa. Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1975 kwamba kijana wa kule anapomaliza sekondari huwa amekwisha kukaa mbele ya walimu kwa takriban saa 13,000. Sijui fani nyingine ambayo mwanagenzi huingia akiwa amewatazama mafundi kwa muda mrefu namna hiyo. Lakini amewatazama akiwa kwenye dawati. Alimwona mwalimu akiuliza, hakuona kwa nini liliulizwa swali lile na si jingine, wala kwa nini alitajwa yule wa dirishani ilhali mikono mingine kumi ilikuwa juu. Kijana wako ameziongezea saa zile wiki mbili nyingine za namna ile ile.

Tena ugumu haukomei hapo, kwa sababu hata wewe huyaoni maamuzi yako. Niliwahi kukaa kwenye kipindi cha mwalimu mkongwe. Akiwa katikati ya maelezo, wanafunzi wawili wa pembeni walianza kunong'ona. Akasogea upande wao taratibu bila kukatiza sentensi, akasimama pale kidogo, mnong'ono ukafa, akarejea ubaoni. Baada ya kipindi nikamuuliza kwa nini alikwenda kule. Alinitazama kwa mshangao: "Nilikwenda wapi?" Hakujua kwamba ametembea. Ujuzi wake ulikuwa umekwisha kushuka hadi miguuni. Nikaomba kuona daftari la mwalimu tarajali aliyekuwa amekaa nyuma muda wote huo, nikakuta ameandika: "Darasa lilikuwa tulivu."

Sasa ingia kichwani mwa kijana wako anaposimama mbele. Akili ya binadamu hushika vitu vichache mno kwa wakati mmoja. Wanaochunguza kumbukumbu ya muda mfupi husema ni kama vinne hivi. Wewe kwa miaka 14 umeyafunga mambo mengi bunda moja: unaandika ubaoni huku sikio liko nyuma yako na saa unaijua bila kuitazama. Kwake kila jambo linadai nafasi yake. Hatua inayofuata ya mfano. Mwandiko unaopanda mlima. Dakika zilizobaki. Anayegonga dawati. Mkono ulioinuliwa. Wewe, uliye nyuma na kalamu. Kitu lazima kidondoke, na mara nyingi hudondoka kile alichokijua vizuri jana usiku. Ndiyo maana mtu anayejua kabisa kwamba 1/2 na 1/3 hufanya 5/6 anaweza kuandika 2/5 mbele ya darasa lenye kelele. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Huenda kweli hajui, na nitaeleza jinsi ya kupambanua. Nasema tu usiupime ujuzi wake wa hisabati kwa dakika ile.

Karatasi anayoisomea sasa unaielewa: ni mkongojo. Ukimnyang'anya kabla mguu haujapona ataanguka. Kujijibu maswali nako kuna sababu yake. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwa wastani ni kama sekunde 1. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yakarefuka na wengi zaidi wakajitolea kujibu. Hao walikuwa walimu walio kazini. Kwa mgeni, kimya cha sekunde 3 kinaonekana kama ushahidi mbele ya watu wote kwamba ameshindwa, kwa hiyo anakijaza haraka kwa jibu lake mwenyewe. Ukimwambia "wape muda wa kufikiri" hatabadilika, kwa kuwa anaamini amekwisha kuwapa. Mpe kitu cha kufanya ndani ya kimya hicho. Mimi huwaambia wakunje vidole vinne mmoja mmoja, mikono ikiwa nyuma ya mgongo, kabla ya kumtaja mwanafunzi. Ni jambo dogo mno, lakini mikono ikipata kazi mdomo hutulia.

Kuhusu madaftari asiyoyatazama: Frances Fuller, mwaka 1969, alieleza kwamba wasiwasi wa mwalimu anayeanza huelekea kwake mwenyewe kwanza, nitaweza, watanidharau, baadaye huhamia kwa wanafunzi, wameelewa nini, wamekwama wapi. Watafiti waliofuata wamebishana iwapo hatua hizo kweli hufuatana hivyo, na mimi nimeona watu wakipanda na kushuka ndani ya wiki moja. Lakini picha yenyewe inakufaa. Unampa ushauri unaohusu wanafunzi mtu ambaye macho yake bado yamejigeukia mwenyewe. Na siku ile ulipomsahihisha uliyarudisha huko kwa nguvu zaidi.

Hapa nitasema wazi, kwa sababu nadhani unalijua na ndiyo maana umelitaja: siku ile ulimkosea. Kosa la ubaoni lilistahili kusahihishwa; wanafunzi hawakupaswa kwenda nyumbani na hesabu ya uongo. Tatizo ni namna. Heshima aliyokuwa nayo pale mbele ilikuwa ya kuazima kutoka kwako, na uliposimama ukalinyamazisha darasa uliichukua mashahidi wakiona. Wanafunzi ni wepisi kusoma mambo haya. Tangu hapo wanajua mwalimu wa kweli ni yule aliyekaa nyuma, naye anajua kwamba wanajua. "Vizuri" na "sawa mwalimu" ni ngao ya mtu asiyetaka kuaibika mara ya pili. Tena anajua ni wewe utakayejaza fomu. Ungekuwa yeye, ungemweleza mtu huyo udhaifu wako?

Kwa hiyo anza kwa kumwomba radhi. Usimwite ofisini mbele ya wenzako, wala usitoe hotuba. Mkiwa wawili tu, mwambie: "Siku ile nilikukatiza mbele ya wanafunzi, haikuwa sawa. Tukubaliane, nikiona kosa nikuambieje?" Kisha mkubaliane kweli. Njia moja ninayoipenda ni mwalimu mlezi, yaani wewe, kuinua mkono kama mwanafunzi na kusema, "Mwalimu, naomba turudi mstari wa tatu, sijauelewa." Mstari unasomwa upya, kosa linaonekana, na anayelifuta ni yeye kwa mkono wake. Njia nyingine ni kikaratasi kinachoachwa mezani unapopita. Kosa dogo lisilopotosha, kama neno lililoandikwa vibaya, liache hadi kengele ilie. La kuhatarisha mtoto usilisubirishe hata sekunde moja.

Halafu mrudishie mfano ule ule wa sehemu aufundishe tena. Najua inatisha, ila akiuacha nyuma utamfuata. Safari hii aanze na kosa lenyewe, bila kusema ni la nani, maana kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini ni kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya. Kama lilikuwa la namna hiyo, aandike 1/2 + 1/3 = 2/5 ubaoni na kuuliza swali moja: tulianza na nusu, tukaongeza kitu, iweje tumepata chini ya nusu? Awaache wabishane. Hapo kosa lililomwaibisha linakuwa zana yake ya kufundishia. Na mnapoliandaa pamoja utapata jibu la swali nililoliahirisha. Mwombe akueleze kwa mdomo, bila karatasi, kwa nini lazima asili, yaani namba za chini, zilingane kabla ya kujumlisha. Akieleza kwa kuchora, kwa mfano, kwa maneno yake, basi anajua na ni kelele zilizomwangusha. Akirudia kanuni tu, "tunatafuta kigawe kidogo cha shirika", na ukimuuliza kwa nini anaganda, basi kuna pengo la maarifa. Pengo hilo huzibwa mezani, mkiwa wawili, kabla hajasimama na mada nyingine yoyote.

Wenzako wanaosema maji yatamfundisha nawaelewa, pengine nao walitupwa hivyo wakaibuka. Waulize walijifunza nini kule chini. Anayeachwa peke yake na darasa linalomshinda hujifunza haraka sana, ila hujifunza yanayomwokoa yeye: kuandika nukuu ubao mzima ili wanafunzi wanakili na kunyamaza, kupaza sauti, kutisha, kuwauliza wale watatu wanaojua siku zote. Mbinu hizo humfikisha kwenye kengele, na kwa kuwa zilimwokoa mara moja, huzishika kwa miaka. Gharama yake wanailipa wanafunzi, kwanza wako, kisha wa shule atakayopangiwa. Nawe ukichukua darasa lote, ujumbe atakaoupata ni mmoja tu, hata ukiupamba vipi.

Kati ya hayo mawili kuna njia ambayo sioni ikitumika vya kutosha, ya kukigawa kipindi. David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross, mwaka 1976, walipokuwa wakieleza jinsi mkufunzi anavyomsaidia mtoto kujenga piramidi ya vipande vya mbao, walilinganisha msaada huo na jukwaa ambalo mafundi huliegemeza kwenye jengo: linabeba kile ambacho ukuta bado hauwezi, na huondolewa kadiri ukuta unavyosimama. Wewe uliliondoa jukwaa lote kwa siku moja. Lirudishe, kisha lipunguze ubao mmoja mmoja.

Wiki ya 4, yeye awe na dakika 10 za mwanzo za kila kipindi, na ziwe na umbo lile lile siku zote 5. Swali moja ubaoni wanafunzi wakiingia. Wanalifanya kimya. Anapita kati ya madawati akitazama madaftari, anachagua majibu mawili yanayotofautiana, anayaandika ubaoni, anauliza lipi ni sahihi na kwa nini. Basi. Kinachobaki ni chako. Ona tulichokifanya: karatasi haina kazi kwa dakika 10 hizo, madaftari hawezi kuyakwepa, kimya kimepewa sababu ya kuwapo, na kwa kuwa umbo halibadiliki, siku ya 3 halitakuwa tena na nafasi kubwa kichwani mwake. Nafasi hiyo ndiyo itakayomwezesha kumsikia anayegonga dawati. Wiki ya 5 aongeze maelezo ya mfano mmoja, wewe ukiwa unapita kati ya wanafunzi. Wiki ya 6 achukue vipindi vizima kadhaa, ambavyo mmeviandaa pamoja. Wiki 2 za mwisho ziwe zake, na wewe uwe msaidizi. Akichelewa hatua moja, mchelewe naye.

Na kama kuna stadi moja inayomshinda mno, itenge. Walimu wa walimu katika chuo kikuu cha Stanford walianza mtindo huu mwanzoni mwa miaka ya 1960: somo fupi la dakika chache, wanafunzi wachache, stadi moja tu, mazungumzo, kisha somo lile lile linarudiwa kwa kikundi kingine. Unaweza kulifanya kwa wanafunzi 6 pembeni ya darasa wakati wewe unaendelea na wengine. Kurudia mara ya pili, siku ile ile, ndiko kunakojenga. Hakuna anayejifunza kupiga ngoma kwa kuambiwa jioni alivyokosea asubuhi.

Sasa mazungumzo ya baada ya kipindi, ambako nadhani ndiko unakopoteza nguvu nyingi. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya mwaka 1996 tafiti nyingi kuhusu mrejesho, yaani kumwambia mtu alivyofanya kazi. Kwa jumla ulisaidia, lakini zaidi ya theluthi moja ya mara zilizopimwa ulishusha utendaji. Nao walieleza kwamba manufaa yake hupungua kadiri mrejesho unavyoyavuta mawazo ya mtu kwenye nafsi yake badala ya kazi. Tazama swali lako: "Kipindi kimekwendaje?" Mwenye hofu analisikia kama, "Wewe ni mwalimu wa namna gani?" Atajibu "vizuri" hadi wiki ya 8.

Libadilishe. Chukua madaftari 3 ya kipindi hicho, moja la anayeweza, moja la wa katikati, moja la anayehangaika, yaweke mezani katikati yenu na uulize: "Huyu alikuwa anafikiri nini alipoandika hivi?" Swali hili halimhusu yeye, kwa hiyo ngao haina kazi. Mnamzungumzia mtoto. Na kwa kuwa mtoto yule alifundishwa na yeye, baada ya dakika chache atasema mwenyewe, "Nadhani mfano wangu wa pili ulimchanganya." Hapo kaa kimya. Kunja vidole vyako vinne nawe pia.

Jambo moja tu kwa siku. Huenda umeona makosa 9. Yaandike yote kwenye daftari lako, umpe moja, lile ambalo likirekebika litavuta na mengine. Kisha msiachane kwa "basi, jitahidi". Msimamishe pale pale kwenye darasa tupu, aliulize lile swali upya, akunje vidole, wewe ukiwa mwanafunzi mbishi. Dakika 5 zinatosha. Ninapowatembelea walimu walezi naona wengi wanasema vizuri sana, tena kwa hekima, lakini ni wachache mno wanaomwambia mgeni wao, "Haya, simama tujaribu."

Tena kama una dakika 20 tu kwa siku, ningekushauri 15 kati yake uzitumie kabla ya kipindi. Lisomeni andalio la somo pamoja kwa maswali mawili: wanafunzi watakosea wapi, na wakikosea utafanya nini. Malengo yaliyoandikwa vizuri na safu zilizojazwa haziwezi kumwokoa. Kinachomwokoa ni kuingia darasani akiwa amekwisha kukutana na kosa kabla halijatokea.

Bado ataendelea kukutazama ukifundisha, ila sasa mpe cha kutazama. Jacob Kounin, aliyerekodi video za madarasa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1970, aliwalinganisha walimu ambao madarasa yao hutulia na wale ambao madarasa yao huwashinda. Alitarajia tofauti iwe katika namna wanavyokemea. Haikuwa hapo. Ilikuwa katika mambo yanayotangulia fujo: mwalimu anayeonekana kujua kila kona inafanya nini, anayeweza kushughulikia mawili bila kuliacha somo, anayehama kutoka kazi hadi kazi bila kuacha mwanya. Kwa hiyo usimwambie aone unavyodhibiti darasa, kwani hataona kitu, kama yule aliyeandika "darasa lilikuwa tulivu". Mwambie asikutazame wewe, awatazame wanafunzi 3 wa pembeni na aandike kila wanapoacha kazi na kinachowarudisha. Jioni mwulize aliona nini, nawe jaribu kueleza kwa nini ulisogea, kwa nini ulinyamaza katikati ya sentensi. Itakuwia vigumu. Baadhi ya majibu utayagundua siku hiyo hiyo kwa mara ya kwanza.

Wanafunzi wako sasa. Sitakudanganya kwamba hawatapoteza chochote. Kipindi cha mwanagenzi mara nyingi huenda polepole kuliko chako. Lakini kwa kugawa kipindi, darasa lako lina walimu wawili, jambo ambalo hukuwa nalo mwanzo wa mwaka. Mmoja akieleza, mwingine yuko na wanaohangaika. Tazama azimio lako la kazi, yaani mpango wa mada utakazofundisha: mada nzito zilizo karibu na mtihani zishike wewe, yeye mpe zile zenye nafasi ya kurudiwa. Na jiwekeeni alama ya hatari mapema: zoezi la mwisho wa kipindi likionyesha nusu ya darasa haijaelewa, kesho yake mada inafundishwa tena na nyote wawili, bila kumwita mtu mkosaji.

Tumebaki na fomu. Ni kweli kwamba kumlea mtu na kumpa alama ni kazi mbili zinazovutana, na hakuna ushauri utakaoumaliza mvutano huo. Unaweza kuupunguza. Mwonyeshe fomu wiki hii, yote, msome kipengele kwa kipengele, mkubaliane kila kipengele kinaonekanaje darasani kwenu. Tangu leo weka kumbukumbu fupi zenye tarehe: nilichokiona, tulichokubaliana, kilichofuata. Yeye azisome wakati wowote. Kusiwe na neno hata moja ndani ya fomu atakalolisikia kwa mara ya kwanza siku ya kuijaza. Kisha uandike ukweli. Usimwongezee alama kwa huruma, kwa sababu kuna darasa la watoto linamsubiri mahali. Usimpunguzie kwa hasira ya wiki ya 3 pia. Aliyeanza chini na kupanda anastahili fomu inayosema hivyo waziwazi.

Kuna mambo ambayo wewe peke yako hutayaweza, na hupaswi kujaribu. Kama hadi mwisho wa wiki ya 5 hakuna hata jambo moja lililobadilika licha ya haya yote, mpigie mkufunzi wa chuo chake, usisubiri ziara iliyopangwa, na uombe aje akae kwenye kipindi kimoja chake na mazungumzo yenu mawili. Pengine tatizo liko katika mazungumzo. Kama pengo la maarifa ya somo ni kubwa kuliko mnavyoweza kuziba mezani, mkufunzi ajue wiki hiyo hiyo. Ukiona hali chakula wala halali usingizi, anakosa vipindi, macho mekundu, anazungumza kama mtu aliyekata tamaa na maisha, acha andalio la somo, kaa naye kama binadamu mwenzako, umsindikize kwa anayeweza kumsaidia, awe mshauri nasaha au mhudumu wa afya. Na kama anampiga mtoto, anamdhalilisha, au ana ukaribu usiofaa na mwanafunzi, hilo si suala la malezi ya ualimu hata kidogo: mwalimu mkuu anaambiwa siku hiyo hiyo, na haachwi na wanafunzi tena.

Jambo la Jumatatu ni dogo. Akisimama kuanza dakika zake 10, usikae nyuma. Kaa kwenye dawati kati ya wanafunzi, fungua daftari, na ulifanye swali aliloliandika ubaoni, kimya, kama wao. Akipita kutazama madaftari, mwachie alione na lako.